Lori Linalokohoa Asubuhi

Mwanangu Maganga,

Salamu sikuandikii, maana umelala nyuma ya ukuta huu na nasikia kitanda kinavyolia ukijigeuza. Nakuandikia kwa sababu nikisema unanijibu, na ukinijibu nakasirika, na nikikasirika nasema yasiyohusika. Karatasi haijibiwi papo hapo. Nitaitia ndani ya kiatu chako cha kulia. Ukiamua kwenda utaikuta, na ukiamua kubaki utaikuta vilevile, maana hata kwenda kisimani siku hizi unavaa viatu.

Mambo ya kufua shati, ya kula kwa watu, ya kuamkia wakubwa, siyaandiki. Kama hukuyashika miaka yote hii, hutayashika kwa barua ya usiku mmoja.

Nataka kuandika habari ya lori. Jioni, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, ulisema: "Mimi siondoki mpaka gari litulie. Mama peke yake hataliweza." Mwenyekiti akatazama ardhi. Mimi nikasema nakwenda kuangalia mboga, na unajua hakukuwa na mboga motoni. Nilikwenda kukaa nyuma ya ghala. Sasa nakujibu.

Kwanza ujue nilivyoupata usukani, maana umesikia kwa watu na watu huongeza chumvi. Baba yako alipoondoka na leseni aliyosomeshwa na kijiji, lori lilikaa limeegeshwa na kuku wakaanza kutagia ndani. Ukaitishwa mkutano wa kuchagua dereva mwingine wa kupelekwa Tabora kujifunza. Kila kijana aliyetajwa, watu walinung'unika: huyu naye ataishia Dar es Salaam. Ndipo Mzee Kasubi akasimama na fimbo yake, akasema, "Mpelekeni mke wa yule mtoro. Mwanamke mwenye watoto watatu hatoroki. Atatorokea wapi na mizigo hiyo?" Mkutano mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Mizigo hiyo ilikuwa wewe umesimama pembeni yangu, Kulwa mgongoni na Doto kifuani. Nilikuwa na darasa la nne na jembe. Mikono ikanyooshwa, nikapita.

Kwa muda mrefu niliona walinipa heshima. Siku hizi nikiwa barabarani peke yangu huwaza kwamba walinichagua kwa sababu walijua nimefungwa. Silalamiki. Kazi naipenda, hata harufu ya dizeli kwenye nguo naipenda. Ila sitaki na wewe uchaguliwe hivyo, tena na mimi.

Sasa sikiliza, baba, maana hii ndiyo shule niliyosoma mimi.

Mwaka wa kwanza, lori lilianza kutetemeka likiwa limesimama. Silensi, ule mngurumo wa gari ambalo hujalikanyaga mafuta, ilikuwa inakatika: dum, dum, dum, kimya kidogo, dum. Pale kituo cha kununulia pamba nilikuwa mwanamke pekee kwenye foleni ya magari. Mmoja akapiga kelele, "Dada dereva, hilo gari lako linacheza ngoma au linatafuta mume?" Wenzake wakaegemea milango kwa kicheko. Kiliniuma. Dereva mwingine, mtu mzima, akanionea huruma, akafunua boneti, akanionyesha skrubu ndogo kwenye pampu ya dizeli. "Kaza hapa kidogo, mama. Litanguruma juu, hutasikia tena." Nikakaza. Kweli, sikusikia tena. Nilirudi kijijini Lusu nimeinua kidevu kama fundi.

Baada ya majuma machache likaanza tena, nikakaza tena. Huku ndani nozeli moja ilikuwa inadondosha dizeli badala ya kuipuliza kama ukungu, na mimi nilikuwa nainyanyua sauti ya gari ili nisiisikie. Mwisho pistoni ikatoboka, pamba ya kijiji kizima ikiwa bado uwanjani. Mvua za kwanza zikaikuta hapo. Wewe ulilala juu ya magunia umekumbatia ncha ya turubai lisipeperushwe, na asubuhi ulikuwa unatetemeka usiweze kushika kikombe. Mkutanoni nilisimama nikasema ni mimi, nilikaza skrubu kwa sababu nilichekwa. Nilitegemea waninyang'anye ufunguo. Mzee Kasubi akakohoa, akasema, "Haya, huyu angalau anasema." Wakaniachia.

Ndivyo nilivyomjua Bwana Harish. Lori lilivutwa mpaka gereji yake pale Mtendeni, Tabora, na alipomaliza kulitengeneza hakunipa ufunguo. Alisema, "Mama, gari yako ilikuwa inakohoa, wewe ukawasha redio." Akaniweka mbele ya injini inayonguruma, akanipa spana, akaniambia nilegeze nati ya bomba moja la nozeli. Nikalegeza. Injini ikayumba. "Umesikia? Huyu alikuwa anafanya kazi, umemkataza. Kaza. Nenda kwa mwenzake." Hivyo hivyo bomba kwa bomba, yote sita. Ukilegeza moja na mngurumo usibadilike hata kidogo, hapo umemkuta mvivu. Alinirudisha mwanzo mara nyingi mpaka nikaanza kusikia kwa kiganja kabla ya sikio. Wewe hilo nilikufundisha ukiwa bado unapanda bampa ili ufike kwenye injini, na sasa masikio yako ni makali kuliko yangu. Nalijua hilo, usidhani sijui.

Lakini kuna kitu hukukiona safari hii, na mimi sikukiona, na kijiji kizima hakikukiona.

Baridi ilipoanza, lori likarudia kukohoa. Asubuhi linawaka kwa shida, linatoa moshi mweupe, linatetemeka mpaka mlango unagonga, kisha jua likipanda linatulia kama hakuna lililotokea. Kwenye mlima wenye mzigo linachoka. Wewe ulisema nozeli. Dereva wa shule alisema maji kwenye dizeli. Mwenyekiti naye akaona ni jambo la kuamuliwa na wote, kwa kuwa gari ni la wote. Tukakaa chini uwanjani kujadili ugonjwa wa injini kana kwamba ni mpaka wa shamba. Bado nasikia sauti ya Mzee Kasubi: "Ndugu zangu, pampu ndiyo mnyonyaji! Inakunywa mafuta ya wananchi na kazi haitoi!" Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akauliza, "Wanaosema pampu?" Mikono ikaenda juu.

Na wangu ukaenda juu, Maganga. Uliniona. Ulinitazama kwa macho ambayo sijayasahau. Nilikuwa sijafungua hata nati moja. Nilikuwa nimechoka, Doto alikuwa na homa, na nikawaza: kijiji kikisema pampu, basi ikikosewa nimekosea na wote. Huo ni uvivu wa aina yake, na unaingia hasa mtu akiwa anapendwa na wenzake. Nakuandikia kwa sababu gerejini nako kutakuwa na mikono ya kunyooshwa. Mwenye gari atasema ni kitu fulani, fundi mkubwa atasema ndiyo, na wewe ndiye utakayekuwa chini ya gari na spana. Kama hujagusa, sema hujagusa.

Tukaifungua pampu, tukaenda nayo Tabora kwa basi, wewe umeipakata kama mtoto mchanga. Bwana Harish akaiweka kwenye mashine yake ya kupimia, akaizungusha, akatutazama juu ya miwani. "Pampu haina kosa. Nani kasema pampu?"

Nikasema, "Kijiji."

"Kijiji kizima?"

"Ilipigwa kura."

Alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. Halafu akaona jinsi ulivyofunga kila tundu la pampu kwa kitambaa safi na uzi ili vumbi lisiingie, akaacha kucheka. Akauliza nani kafunga. Ukasema ni wewe. Akakuuliza kwa nini hukutumia tambara la gari, ukamwambia tambara la gari lina mchanga. Hapo ndipo aliposema, "Aje huyu kijana, akae kwangu, ajifunze pampu na nozeli. Jumatatu awe amefika, asipofika namchukua mwingine, wapo wengi mlangoni."

Kwa hiyo nafasi yako ilizaliwa na kosa letu. Mungu ana njia zake, na mojawapo ilipita kwa Mzee Kasubi.

Tukarudi, tukaifunga pampu, asubuhi yake lori likakohoa kama jana. Na juzi pale ghalani, ulipokuwa unafunga kamba, Mzee huyo huyo akasema kwa sauti ya kusikika, "Kijana naye anakwenda kusomea magari? Vizuri. Baba yake naye alikwenda kusomea magari." Nilikuona ulivyoacha kamba. Tangu saa ile ndipo ulipoanza kusema huondoki.

Nitasema la baba yako mara moja, kisha tuliache. Kwenda kwake hakukuwa ubaya. Babu zake walibeba mizigo mpaka pwani kwa miguu, na bibi yako husema kijana asiyewahi kulala ugenini hapewi neno kwenye baraza. Watu wa huku tumezoea kuona migongo ya wanaoondoka. Lakini mpagazi aliaga. Alipuliziwa maji ya unga kifuani kwa baraka, akataja anakokwenda na kwa nani, na nyumba ikabaki inajua ihesabu vipi misimu. Baba yako aliacha ufunguo juu ya tairi pale stendi ya Nzega, na mimi nikaambiwa na muuza karanga. Wewe unaaga tangu tuliporudi Tabora. Unaaga mpaka unaudhi. Leo nilikutuma kwa bibi yako ukaage tena, na hukujua kwa nini.

Nilikutuma ili niwe peke yangu na gari.

Nilianza alfajiri kabla jua halijalipasha. Unakumbuka nilikwambia nenda mapema, bibi anakungoja? Ulipopotea tu njiani nikaliwasha, nikalegeza mabomba moja moja. La pili halikubadilisha mngurumo, nikafurahi, nimemkamata. Nikaendelea mpaka mwisho, nikarudi la pili kuhakikisha: sasa injini ikayumba. Aliyekuwa amelala ameamka, na wa tano ndiye amelala. Nikarudia. Safari hii wa kwanza.

Nikazima, nikakaa kwenye bampa na chai yangu. Nikawaza kama mama, maana sijui kuwaza vingine. Mtoto mmoja akiumwa tumbo kila siku, unamtazama yule mtoto. Leo Kulwa, kesho Doto, keshokutwa wewe, huwatazami watoto tena. Unakwenda kutazama chungu.

Basi nikayaacha mabomba na nozeli, nikaanza kurudi nyuma, dizeli inakotoka. Kwenye pampu ndogo, ile inayovuta dizeli kutoka tangi na iliyoshikamana na ubavu wa injini, kuna kikombe, na ndani yake kuna wavu wa waya. Hukuwahi kuufungua, mimi nilikuwa nimesahau kama upo. Nikaufungua ukiwa baridi. Wavu ulikuwa umezibwa na kitu cha manjano iliyofifia, laini, kinachoteleza. Nikadhani ni grisi. Nikakifinya, nikakinusa.

Nta, Maganga. Nta ya nyuki.

Pipa la kijiji lilipokwisha, wewe na wenzako mlikwenda kuchukua dizeli Nzega kwa madebe ya ushirika wa asali. Ni mimi niliyekwambia uyaoshe kwa maji ya moto na majivu, kama tunavyoosha sufuria. Ukaosha vizuri mno, nilikuona, mpaka yakang'aa. Lakini maji ya moto huiyeyusha nta na kuitandaza ukutani mwa debe, haiondoki. Asali ikiwekwa tena, hakuna anayejua. Dizeli ikikaa humo juani, inaila nta taratibu, inaingia nayo tangini. Usiku wa baridi nta inaganda, inakwenda kukaa kwenye wavu. Asubuhi pampu ndogo inavuta kwa shida, inanyonya na hewa kwenye viungo, nozeli zinapata dizeli leo huyu kesho yule. Injini ikipata moto, nta inalainika, inapita, gari linatulia, na sisi tunasema limepona.

Nilicheka peke yangu uwanjani. Wanawake waliokwenda shambani wakasimama. "Mama Maganga, kuna nini?" Nikawaambia, "Lori limekula asali."

"Basi lipe na ulezi, litupikie pombe!" mmoja akajibu, wakaenda zao.

Dizeli yote nikaimwaga kwenye pipa tupu. Wavu na kikombe nikaviosha kwa mafuta ya taa yaliyopashwa moto ndani ya maji ya moto, mbali na jiko, usije ukafundishwa vibaya. Bomba linalotoka tangini nikalipuliza kwa pampu ya baiskeli. Nikatia dizeli mpya ambayo mwenyekiti aliniazimia shuleni, nikatoa hewa kwa ule mkono mdogo wa pampu ndogo mpaka povu likaisha. Mikono yangu unaijua, ilichubuka yote. Mchana nikaliwasha likanguruma sawasawa.

Utauliza kwa nini sikukwambia jioni, uliposimama mbele ya watu ukasema sitaliweza. Kwa sababu mchana lilikuwa linatulia hata lilipokuwa na nta. Ugonjwa wake ni wa asubuhi. Fundi akisema amemaliza kabla gari halijalala na baridi, huyo amewasha redio. Nimengoja usiku upite juu yake. Kwa hiyo mpaka ninavyoandika hapa sijui kama nimelitibu. Nadhani. Wavu unaweza kuwa si peke yake, pengine tangini kumebaki nta kwenye pembe, pengine kiungo kimoja bado kinanyonya hewa. Bomba linalovuta halivuji nje, mwanangu, ndiyo maana linadanganya. Limekauka safi, na kosa liko palepale. Kalishike hilo, Bwana Harish atakuuliza.

Na hili nalo kalishike. Ulisema peke yangu sitaliweza, na hukusema kwa dharau, ulisema kwa kunionea huruma. Ni kweli wewe, utingo wangu, ndiwe mwenye masikio. Nitamchukua mtoto wa jirani, atanisumbua, tutazoeana. Kuna siku nitakwama kule mbugani na nitakuita kwa jina, na utakuwa Tabora, na nitalazimika kufunua boneti mwenyewe. Hiyo ni kazi niliyoikubali na watu wote wakiniangalia. Hukuikubali wewe. Ukibaki kwa ajili yangu, itafika siku nami nitazoea ubaki, na sitakwambia uende tena, najijua. Nakwambia sasa nikiwa bado nina nguvu ya kukwambia.

Watasema mtoto wa mtoro. Waache waseme. Utarudi sikukuu na watakusikia ukigonga mabomba.

Kesho kabla hakujapambazuka nitakwenda uwanjani nitoe turubai, niwashe lori. Uwanja uko karibu, utasikia kila kitu ukiwa kitandani. Likinguruma sawa, inuka, funga sanduku, uje. Bibi yako atakuwa mlangoni na maji yake ya unga, usijifute akikupulizia.

Likikohoa, inuka vilevile, funga sanduku, uje. Litatufikisha Tabora likikohoa. Kulitibu nitalitibu mimi nikirudi.

Mama yako,
Nyamizi